Mji Mkongwe Usomwe Kuanzia Nyangwe

Safari ya wanafunzi kwenda Zanzibar ina ratiba yake, na karibu kila mtu anaifahamu. Boti inaondoka Dar es Salaam asubuhi, inatia nanga Malindi, mtembezaji anawapokea wageni na kuwapitisha vichochoroni mwa Mji Mkongwe. Wanaoneshwa milango ya nakshi, wanaingia Ngome Kongwe, wanasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, wanashuka katika vyumba vya chini vya Mkunazini, jioni wanakula urojo na mishikaki Forodhani, na kesho yake wanapelekwa Changuu kuona kobe. Siku chache zikiisha, kila mmoja anarudi kwao na simu iliyojaa picha. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili 2022, vijana wa jimbo lake la Maniema nao wana haki ya kuitamani safari hiyo. Ni raia wa jumuiya moja na Wazanzibari, na lugha ya kuulizia njia wanayo tayari. Linalobaki kujadiliwa ni kama waifuate ratiba hiyo kama ilivyo.

Nasema wasiifuate. Kwa mgeni aliyetoka Ulaya, Mji Mkongwe ni mji mzuri wa kale wa watu wengine. Kwa kijana wa Kailo, Kindu au Kibombo, ni mwisho wa barabara iliyoanzia kwao. Sehemu nzuri ya pembe za ndovu zilizoutajirisha mji ule katika miaka ya 1870 na 1880 zilitoka katika misitu ya mto Lualaba, na mabega yaliyozibeba yalikuwa ya watu wa huku na wa njiani. Akifika bila kulijua hilo, ataona kuta nyeupe na bahari. Akifika baada ya kuzisoma Nyangwe na Kasongo, miji ya misafara ya huku Maniema, ataweza kuuliza kila jengo lililipiwa na nani. Kwa hiyo nashikilia kwamba safari fupi ya mwanafunzi wa Maniema kwenda Zanzibar ina thamani pale tu inapoanzia nyumbani, penye chanzo cha mali ile, na kwamba shule isiyoweza kufanya sehemu ya kwanza isijisumbue na ya pili.

Ushahidi wa kwanza ni matukio mawili ambayo masomo yetu huyaweka mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Tarehe 15 Julai 1871, watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, wengi wao wanawake waliokuja kwa mitumbwi kuuza samaki, kuku, chumvi na mazao ya mashamba yao. Watu wenye bunduki wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wakaanza kufyatua risasi katikati ya soko, na wengine wakalenga mtoni, ambako umati ulikuwa ukigombea mitumbwi. Waliopigwa risasi walikuwa wengi, na waliokufa maji walikuwa wengi zaidi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliopotea ni kati ya watu 330 na 400. David Livingstone, aliyekwisha kukaa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi bila mafanikio, aliyashuhudia mauaji hayo kwa macho yake. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, hivyo aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa rangi ya mbegu za huku. Habari zake zilichukuliwa na mwandishi wa habari Stanley na kufika London mwaka 1872, na hasira zilizozuka huko zikawa miongoni mwa nguvu zilizoisukuma serikali ya Uingereza kumtuma mjumbe wake, Bartle Frere, Zanzibar mwanzoni mwa 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo, Sultani Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari, alitia saini mkataba, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Mtu anayesimama leo mbele ya kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873, husikia habari za wamisionari, za jeshi la majini la Uingereza na za Sultani. Hizo zote ni za kweli. Lakini nguvu mojawapo iliyofungua mlango wa mkataba ule ilikuwa damu ya wauza samaki wa Nyangwe, na hao hawatajwi. Upo msemo wa zamani kwamba zumari likipigwa Unguja, hucheza walioko maziwa makuu. Mwaka 1871 kilio kilitoka ng'ambo ya maziwa, na Unguja ndiyo iliyotikisika. Mwanafunzi wa Maniema anayelijua jambo hili anasimama Mkunazini kwa namna tofauti kabisa na mwenzake asiyelijua, maana habari anayosimuliwa inamhusu, na kipande kinachokosekana anacho yeye.

Ushahidi wa pili uko katika majengo yenyewe. Ukipita barabara ya Mizingani, ukitazamana na bandari, utaona jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, ambalo Wazanzibari hulijua kama zahanati ya zamani. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya India, kwa heshima ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Watalii hulipiga picha kwa sababu ni zuri, na kwa kweli ni zuri. Ila Topan ndiye aliyewakopesha mitaji wafanyabiashara wa bara, akiwemo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Bidhaa za mkopo, yaani nguo za merikani, shanga, bunduki na baruti, zilipanda bara kupitia Tabora na Ujiji hadi Kasongo, na pembe zikateremka kwa njia hiyohiyo kulipa deni na faida yake. Pembe hizo hazikuishia Unguja. Nyingine zilipelekwa Bombay na London, nyingine Marekani, ambayo ilikuwa na ubalozi mdogo Zanzibar tangu 1837. Katika vijiji vya Ivoryton na Deep River, jimboni Connecticut, viwanda vilizikata kuwa vibao vya kinanda na vitana. Binti wa tajiri wa Boston aliyejifunza kinanda nyumbani kwao huenda aliweka vidole vyake juu ya tembo wa Maniema bila kujua Maniema iko wapi. Mnyororo huo mzima, kuanzia mkopeshaji, mchukuzi na mnunuzi hadi kiwanda, unaweza kufundishwa mbele ya roshani zile kwa muda wa nusu saa, kwa sharti kwamba mwanafunzi amekuja akijua upande wa huku.

Si mbali na hapo, mtaani Shangani, ipo nyumba aliyoishi Tippu Tip mwenyewe hadi alipofariki Juni 1905. Wageni huoneshwa mlango wake, wakaambiwa kwamba alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, wakaendelea na safari. Jambo ambalo mara nyingi huachwa ni kwamba mtu huyu aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye zikatolewa tena na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kitabu ambacho mwanafunzi wa Kindu anaweza kukisoma bila mkalimani, na humo mwandishi anaeleza mwenyewe, bila haya, jinsi alivyojipatia utawala wa Utetera kwa kujidai kuwa ni mjukuu wa ukoo wa watawala wa huko. Wapo wachache sana duniani wanaoweza kufanya anachoweza kufanya kijana wa Maniema: kuichukua simulizi ya mtu aliyewatawala mababu zake, kuisoma katika lugha yake mwenyewe, kuilinganisha na masimulizi ya wazee wa Kasongo na Kibombo, kisha kwenda kusimama mbele ya mlango wa mwandishi. Kumpeleka pale bila kumpa kitabu ni kuitupa nafasi hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kumwandaa mwanafunzi kabla hajaondoka, nayo ni kwamba mji wa watalii husimulia kinachouzika. Vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika, Mkunazini, huoneshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Lakini jengo lile ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekwisha kulitilia shaka dai hilo. Changuu nako watu husimuliwa habari za gereza, ilhali jengo lililojengwa huko miaka ya 1890 liliishia kuwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuleta maradhi. Sisemi hivi kuwadharau watembezaji, ambao wengi wao ni watu wenye maarifa na wanajitafutia riziki kwa halali. Wala mateso hayapungui kwa kuwa vyumba fulani si vile tulivyoambiwa. Nasema kwamba mwanafunzi aliyekwenda kujifunza historia lazima ajue kuuliza jengo ni la mwaka gani, nani alilijenga na nani alisema hivyo kwanza. Asiyejua kuuliza hayo atarudi na machozi ya kweli kwa ajili ya chumba kisichohusika, na atakuwa amepita bila kutazama roshani za Mizingani ambazo zinahusika.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nazungumzia Zanzibar badala ya Bruxelles, mji ambao kwa Mkongo aliyesoma ndio mji wa kihistoria wa ng'ambo tangu enzi za mababu. Jibu ni kwamba Bruxelles nayo ni mwisho wa barabara iliyoanzia kwetu, na inapaswa kusomwa kwa namna hiyohiyo. Katika bustani ya Cinquantenaire upo mnara wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, unaowatukuza Wabelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Maandishi yake yameleta ugomvi wa miaka mingi, na neno linalowataja Waarabu limewahi kufutwa. Vita vinavyotajwa pale ni vile vya 1892 hadi 1894, vilivyopiganwa hapahapa Maniema: Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili. Jambo ambalo mnara hausemi ni kwamba mwaka 1887, miaka mitano tu kabla ya vita, Mfalme Léopold II alikuwa amemteua Tippu Tip huyohuyo kuwa gavana wake wa Stanley Falls, kwa mshahara. Hausemi kwamba Gongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, aliuawa nao kabla vita havijaisha. Wala hausemi kwamba mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kwa ajili ya maonesho, wengi wao wakawekwa Tervuren watazamwe, na saba kati yao wakafa. Kila mji husimulia sehemu inayoupendeza. Zanzibar husimulia kufungwa kwa soko, Bruxelles husimulia ukombozi. Anayeweza kuziweka simulizi hizo mbili meza moja na kuzihoji ni yule ambaye nyumbani kwao ndiko yote yalikotokea. Naanza na Zanzibar kwa kuwa iko karibu zaidi, ni rahisi zaidi, na inazungumza Kiswahili.

Sasa nijibu pingamizi. La kwanza na lenye nguvu zaidi ni la fedha. Wazazi wengi wa Kailo wanaishi kwa shamba, uvuvi au machimbo, karo huwashinda, na yapo madarasa ambayo hayana madawati ya kutosha. Katika hali hiyo, mtu atasema, kuzungumzia safari ya Zanzibar ni kejeli. Zaidi ya hayo, mapema 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23, na njia zilizozoeleka za mashariki zikawa ngumu au za hatari. Pingamizi hili silipuuzi, na kwa mtu anayetaka kuwapeleka watoto 100 wakaoge bahari ya Nungwi, linamaliza mjadala. Lakini linaisaidia hoja yangu kuliko linavyoipinga. Penye fedha kidogo ndipo safari isiyo na swali inapokuwa dhambi. Wanafunzi wanne au watano wa chuo, waliochaguliwa kwa kazi waliyokwisha kuifanya Nyangwe na Kasongo, wakapewa wajibu wa kurudi na kuandika na kufundisha shule za Kailo na Kibombo walichokiona, ni gharama ndogo kuliko semina nyingi zinazofanyika katika hoteli za miji mikubwa. Tena njia wanayoweza kuifikiria amani ikiruhusu, yaani kushuka hadi Kalemie, kuvuka Tanganyika hadi Kigoma, kisha reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 kupitia Tabora hadi Dar es Salaam, inapita karibu kabisa na njia ya misafara ya kale. Yaani njia ya gharama nafuu ndiyo yenye mafunzo mengi: Ujiji na Tabora zimo ndani yake, mahali ambapo anayeruka kwa ndege hupaona kama wingu.

Pingamizi la pili linahusu muda. Siku mbili au tatu, wanasema wakosoaji, haziwezi kumfundisha mtu mji. Ni kweli, na ningependa walimu wawaambie wanafunzi jambo hilo waziwazi kabla ya kuondoka. Mgeni wa siku mbili hana haki ya kurudi na kutangaza Wazanzibari ni watu wa namna gani, wanaishi vipi, wanaamini nini. Hukumu za namna hiyo zilizoandikwa na wasafiri juu ya Wamanyema, yaani watu wa Maniema, katika karne ya 19 zilituumiza vya kutosha, hata watu wetu wakaitwa wala watu katika vitabu vya wageni waliopita njia. Hata hivyo, siku mbili zinatosha kukagua jambo moja. Zinatosha kulinganisha tarehe ya jengo na habari inayosimuliwa juu yake. Zinatosha kwenda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na kuomba kuoneshwa hati chache zilizotajwa mapema katika barua ya chuo. Urefu wa safari hauna uzito mkubwa kama wembamba wa swali lake. Ziara ya mwezi mzima isiyo na swali ni fupi kuliko ya siku mbili yenye swali moja lililoandaliwa muhula mzima.

Pingamizi la tatu ndilo linalostahili uangalifu mkubwa, maana linahusu amani baina ya watu. Wapo wanaohofia kwamba kumpeleka kijana wa Maniema mahali pa utumwa ni kumwasha chuki. Kasongo na Nyangwe zina Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara au walisilimu wakati wa misafara ile. Zanzibar nayo ina majeraha yake, na kumbukumbu za utumwa zimetumiwa katika siasa za visiwa kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tujiulize chuki hukua wapi. Hukua katika habari nusu, ile inayomweka mkosaji mmoja na kabila moja upande mmoja. Habari kamili haimwachi mtu nafasi ya kunyoosha kidole kimoja. Ndani yake wamo wakopeshaji wa Kihindi, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani, wachukuzi wa Kinyamwezi, watawala wa huku waliouza majirani zao, wapiganaji wa Gongo Lutete waliobadili upande, wanunuzi wa Marekani na Uingereza, na mfalme wa Ulaya aliyemwajiri mfanyabiashara wa watumwa kisha akajenga sifa kwa kuwapiga wenzake. Wamo pia Wagenya, watu wa mto, ambao bila mitumbwi yao wageni wote wale wangekwama ukingoni. Na wamo Wamanyema wa Ujiji, Kigoma, Tabora na Dar es Salaam, wajukuu wa waliochukuliwa au waliohama, ambao leo ni Watanzania kamili na bado wanalibeba jina letu. Mwanafunzi aliyepewa mnyororo wote huo ataona ugumu kumchukia jirani yake wa Kasongo kwa sababu ya kanzu yake. Aliyepewa pete moja tu ya mnyororo ndiye wa kuogopewa.

Lipo pia pingamizi la nne, linalosemwa kwa sauti ya chini na watu wa vitendo: haya yote ni ya kale, yatamsaidia nini kijana anayetafuta kazi? Tuitazame Kailo yenyewe. Katika wilaya hii watu wanachimba kasiterite na wolframu kwa jembe, sururu na mikono. Madini hayo hupita kwa wanunuzi mmoja baada ya mwingine, huvuka mipaka, na mwishowe hugeuka bati na vifaa ndani ya simu na mashine katika nchi ambazo mchimbaji hatazifikia. Bei haipangwi Kailo. Mwenye mtaji yuko mbali, mwenye kiwanda yuko mbali zaidi, na aliye karibu na shimo ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Sisemi kwamba mchimbaji wa leo ni mtumwa, wala kwamba mnunuzi wa leo ni Dugumbe. Tofauti ni kubwa na ni wajibu kuzitaja. Nasema kwamba umbo la biashara, mali ghafi kutoka na thamani kuongezwa kwingine, linafanana sana na lile la pembe, na kwamba Mji Mkongwe ni mahali adimu ambapo kijana anaweza kuona kwa macho thamani hiyo iliishia wapi: katika mbao za roshani, katika milango ya nakshi, katika majumba yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kijana atakayelielewa hilo ataingia katika mazungumzo ya mikataba ya madini, vyama vya ushirika na viwanda vya kuyeyushia akiwa na maswali makali zaidi. Hayo ni mafunzo ya kazi.

Ni lipi basi linalopaswa kufanyika? Kwanza, Nyangwe na Kasongo ziingie katika masomo ya historia ya sekondari za Maniema kama mada zenye uzito, zikiwa na ramani na tarehe, na kitabu cha Tippu Tip kisomwe kwa Kiswahili kwa jicho la kuhoji. Pili, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu wapewe kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee wa kando ya Lualaba, kuanzia Kailo hadi Kasongo, kabla wazee hao hawajatuacha. Livingstone aliandika anachokumbuka mgeni mmoja. Yale ambayo familia za waliokufa ziliyakumbuka na kuyasimulia kwa wajukuu yanahitaji kuandikwa kwa bidii ileile. Shajara ya Livingstone yenyewe inatufundisha kwa nini. Mwaka 2011 watafiti waliitumia taswira maalumu kuzisoma upya kurasa zilizofifia za shajara hiyo, na wakakuta kwamba maandishi ya siku zile yanatofautiana na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Kama shahidi maarufu kuliko wote alihaririwa, mashahidi wengine ni wa lazima.

Tatu, na hili linawahusu wenyeji wetu, Zanzibar ikubali kupokea pamoja na kutoa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wale wanaosimamia maonesho ya Mkunazini wana nafasi ya kuandika ukutani majina ya Nyangwe na Kasongo, na kueleza kwamba mkataba wa Juni 1873 una mizizi pia kwenye soko la Julai 1871. Wakongo watakaowatembelea wachukuliwe kama mashahidi wenye kipande cha habari ambacho mji haunacho. Jumuiya ya Afrika Mashariki huzungumzia sana ushuru, bandari na majeshi. Historia ya pamoja haihitaji bajeti ya bandari. Inahitaji barua baina ya vyuo viwili na walimu wachache wenye nia.

Watakaoniona mkali kwa kusema shule isiyofika Nyangwe isiende Unguja, nawajibu kwamba ukali huo unamlinda mwanafunzi. Kijana akiupenda Mji Mkongwe bila kujua uhusiano wake na kwao, atarudi akiiona Maniema kama mahali pasipo historia, kijiji cha nyuma ambacho mambo makubwa hayakukifikia. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko nauli. Ukweli ni kinyume chake: mambo makubwa yalianzia hapa, na mji ule wa pwani ulipata faida yake na, baadaye, sehemu ya msukumo wa kufunga soko lake la watu. Mwalimu anayepanga ziara aiweke Nyangwe siku ya kwanza ya ratiba, mbele ya boti na mbele ya Forodhani. Na fedha zikitosha safari moja tu, iwe ya Nyangwe.